Mzee Elkana Okal, Fundi wa Mashine ya Kumi

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitano na miezi minne, Mzee Elkana Okal, fundi wa mashine za mashua wa Ushirika wa Kivuko cha Getaracho, anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni 2019. Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1984 akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mwenye boksi moja la spana na suruali mbili. Boksi analo mpaka leo. Habari za suruali hatunazo.

Katibu wetu, Dada Irine, aliniomba niandike ukurasa mmoja wa furaha kwa ajili ya ratiba hii, kwa kuwa mimi ndiye mtumishi wa ofisini wa zamani kuliko wote waliobaki na mwandiko wangu unasomeka. Nimejaribu. Furaha imenitosha nusu ya kazi tu. Nusu iliyobaki si ya furaha, na bila hiyo wasifu huu ungekuwa uongo, na Mzee Elkana angeondoka hapa bila kukaa nasi mezani hata mara moja. Tangu Januari 1998 hajala chakula cha ushirika. Wengi wenu mmeajiriwa baada ya hapo, mmemkuta akila mihogo yake peke yake karakanani, mkasema ni maringo ya watu wa ziwani. Nilisikia mkisema hivyo na sikuwasahihisha.

Mzee Elkana alizaliwa upande wa Shirati, na ndugu zake nusu wako Migori, ng'ambo ya mpaka. Kazi alifundishwa na mjomba wake aliyekuwa akitengeneza mashine za wavuvi. Alipofika kwetu tulikuwa na mtumbwi mmoja na kamba iliyofungwa ng'ambo hadi ng'ambo ya Mto Mara. Watu walimtania sana: Mjaluo gani anaacha ziwa kuja kukaa na viboko? Alijibu kwamba ziwani mafundi wamekuwa wengi kuliko samaki.

Mwaka 1990 kambi moja ya watafiti karibu na Robanda ilifungwa, nasi tukapewa mashua yao ndogo ya alumini. Ilikuwa na urefu wa futi kumi na nne, chini yake ni bapa kama sinia, na kile kibao cha kiwandani kinachotaja mashine kubwa kuliko zote inayoruhusiwa kilikuwa kimekwaruzika hata hakisomeki. Mwenye haraka angefunga mashine yoyote. Mzee Elkana alikaa siku tatu. Alikuwa na kijitabu cha zamani chenye jedwali, akalinakili kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa karakana ili kila mtu alione. Unapima urefu wa mashua kwa futi. Unapima upana wake nyuma, kwenye ule ubao unaobeba mashine. Unazidisha. Yetu ilikuwa kumi na nne mara tatu na nusu, yaani arobaini na tisa. Kwa hesabu hiyo jedwali linaruhusu mashine ya nguvu za farasi kumi na tano, lakini mashua yenye chini bapa inashushwa ngazi moja. Kwa hiyo ni kumi. Aliiandika kumi hiyo kubwa kuliko tarakimu nyingine zote mlangoni.

Hakuridhika na hesabu peke yake. Kabla ya kufunga mashine alijaza mchanga kwenye magunia mpaka uzito ukalingana na wa mashine, akayaning'iniza nyuma ya mashua, akapakia watu watano na nahodha, akawaambia wakae kimya. Kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi baada ya saa nzima maji yalikuwa bado chini ya mstari mwekundu alioupaka ubavuni. Mmoja wa wale watano alikuwa diwani, na mpaka anafariki aliisimulia saa hiyo kama kifungo. Kwa miaka saba mashua ile haikuingiza maji hata kikombe kimoja. Bibi harusi aliwahi kuhamishwa kiti mara mbili kwa sababu ya uzito wa shangazi zake, na mfanyabiashara mmoja aliambiwa achague kati ya ndama wake na mkewe nani avuke kwanza. Akachagua ndama, na hayo mengine aliyamaliza mwenyewe huko nyumbani.

Wenye umri wa kukumbuka watakumbuka rashi. Dhahabu ilipoonekana ng'ambo, upande wa Tarime, watu walitoka Mugumu, Robanda, Nyambureti, na wengine Kenya. Walimu waliacha chaki. Aliyefika maduarani alfajiri alipata nafasi ya kushuka shimoni, na aliyechelewa alibaki kuponda mawe ya wenzake. Akina mama wa uji na wauza unga nao walikimbizana na njaa ya wachimbaji. Foleni ya kivuko ilianzia majini ikaishia kwenye mashamba ya mtama, na kila mtu alikuwa na matusi kwa ile mashine ya kumi. Waliiita Kobe. Mzee Elkana aliwajibu kwa upole kwamba kobe hafi maji.

Juu kidogo ya mto palikuwa na mtu binafsi mwenye mashua ya mbao ya futi thelathini na mashine ya arobaini, naye alivuka mara tatu wakati sisi tunavuka mara moja. Mwenyekiti wetu wa wakati huo, marehemu Mzee Nyangwine, alianza kuulizwa kanisani kwa nini ushirika unalala. Mzee Elkana alimweleza mbele yangu kwamba huwezi kumfunga ndama plau la maksai. Mashine kubwa ni nzito, alisema, inaketi nyuma na mashua inainua pua kutazama mawingu. Ikienda kasi inavuta wimbi nyuma yake. Nahodha akipunguza mafuta ghafla, mashua inasimama lakini lile wimbi halisimami, linaifuata na kuingia nyuma. Mzee Nyangwine alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema hatanunua mashine yoyote bila fomu ya fundi, na jambo likaishia hapo.

Novemba 1997, mvua za El Nino zikiwa zimeanza, shangazi yake Mzee Elkana alifariki huko Migori. Alipokwenda kuzika aliniachia fomu tatu alizozitia sahihi zikiwa tupu. Ilikuwa kawaida yake kila akisafiri, ili ofisi isikwame kwa ajili ya plagi au lita moja ya oili. Hakuna mtumishi mwingine aliyewahi kuachiwa sahihi ya mtu hapa. Aliniachia mimi kwa sababu aliniamini.

Alisema atarudi baada ya siku nne. Mito ilikata barabara, akakaa wiki tatu. Katikati ya wiki hizo Kobe ilikufa, gia zake zikiwa zimesagika, na foleni ikabaki ukingoni na magunia yake. Mzee Nyangwine akaja ofisini kwangu akiwa amelowa mpaka magotini, akauliza fundi anasemaje kuhusu mashine mpya. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mke wangu amejifungua mapacha mwezi huo, na nilipenda sana kuonekana mtu anayeweza. Nikamwambia fundi ameacha fomu yenye sahihi, nami moyoni nikasema jedwali liko mlangoni, nitapima mwenyewe.

Hapa naomba nieleweke vizuri, maana kosa langu si la uvivu. Nilipima kwa makini. Kabla ya kuja kivukoni nilikuwa msaidizi wa bwana mifugo kwenye mnada wa Mugumu, na baba yangu alinilea zizini. Kwetu sisi nguvu ya mnyama iko kifuani. Ukitaka kujua ng'ombe ana uzito gani unazungusha tepu nyuma ya miguu ya mbele, hapo alipo mnene, na huko nyuma huna haja napo. Nikaishika mashua vilevile. Nilitafuta mahali palipo papana kuliko pote, katikati, nikapata futi tano. Kumi na nne mara tano ni sabini. Jedwali linaishia hamsini na mbili na juu ya hapo kuna hesabu nyingine, nayo ikanipa thelathini na kitu. Habari ya chini bapa sikuikumbuka kabisa. Nikaandika thelathini na tano kwenye fomu yenye sahihi ya Elkana Okal. Duka la Musoma lilikuwa na ya arobaini. Mzee Nyangwine akasema tano si tatizo, nami nikasema si tatizo.

Ilifanya kazi siku nne. Watu walishangilia. Tarehe 9 Desemba, saa nne asubuhi, nahodha wetu Method alivuka na abiria watano, idadi ileile ya Mzee Elkana, hakuzidisha hata mmoja. Karibu na ng'ambo kiboko aliibuka mbele yao. Method alifanya ambavyo nahodha yeyote angefanya, alipunguza mafuta. Mashua ikasimama, wimbi lake lenyewe likapanda juu ya ubao wa nyuma, mashine ikaikalisha, na haikuinuka tena. Nilikuwa nimesimama ukingoni na daftari. Waliookolewa ni watatu. Method hakupatikana mpaka siku ya tatu. Ghati muuza uji na wifi yake, wote wa Nyambureti, walipatikana jioni ileile, wameshikana.

Mzee Elkana alirudi tarehe 14. Hakuingia ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashua iliyovutwa majanini, akaitazama mashine, akaniita, akaniomba tepu. Alipima katikati. Akaona futi tano. Alikaa kitako kwenye tope na kofia yake ya mazishi, akasema, "Simioni, mashua inapimwa matakoni. Nani alikwambia ina kifua?" Basi. Hakurudia kuniuliza mpaka leo.

Bodi ilikaa Januari. Fomu ikawekwa mezani. Mzee Nyangwine aliuliza kama sahihi ile ni yake, na Mzee Elkana akajibu, "Sahihi ni yangu." Aliulizwa kama ana la kuongeza, akasema hana. Mimi nilikuwa pembeni naandika kumbukumbu za kikao. Niliandika maneno hayo kwa mkono huuhuu. Nilingoja anitazame ili niseme, hakunitazama, nami nikaendelea kuandika. Alivuliwa cheo cha Fundi Mkuu, akapewa barua ya onyo, na akabaki fundi wa kawaida miaka ishirini na moja. Baadaye nilimwuliza kwa nini. Alisema mtu anayetia sahihi karatasi tupu ametia sahihi kila kitu kitakachoandikwa, na kwamba mapacha wangu walikuwa hawajapata hata meno.

Sasa nifike kwenye chakula. Kwa wazee wa huku, mtu aliyebebeshwa kifo hali chungu kimoja na nyumba ya marehemu. Method alikuwa mtoto wa Mama Nyangi, na Mama Nyangi ndiye mpishi wetu tangu 1986. Desturi hiyo si ya Mzee Elkana kwa kuzaliwa, lakini aliishika kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Kila saa saba sufuria ilipofunuliwa, yeye aliinuka akaenda karakanani. Mama Nyangi naye hakumpakulia wala kumsalimu. Na kila saa saba hiyohiyo mimi nilikaa, nikanyoosha sahani, na nikala. Mama Nyangi alikuwa akiniongezea nyama, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika barua ya rambirambi na aliipenda ile barua.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nangoja nini. Mwanzo nilingoja mapacha wakue. Wakakua. Kisha nikangoja Mzee Nyangwine astaafu, akafariki. Awino, mke wa Mzee Elkana, aliacha kuja gulioni hapa kivukoni kwa sababu wanawake walikuwa wakimnyooshea kidole, akawa anatembea mpaka mnada wa mbali kuuza karanga zake. Alifariki mwaka 2011 akiamini kwamba mume wake alikosea hesabu. Hata yeye hakuambiwa. Nilibeba jeneza lake upande wa mbele. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini mimi nilificha na nikazaa, nikasomesha, nikajenga, na hakuna lililonizuia. Hilo ndilo linalonikatisha tamaa kuliko yote, kwamba uongo haukunidhuru hata kidogo.

Wiki mbili zilizopita karakana ilipakwa rangi ya bluu kwa ajili ya sherehe hii. Mpakaji hakuambiwa kitu, akaanza na mlango. Nilipofika jedwali lilikuwa limeshafunikwa, na Mzee Elkana amesimama mbele yake na boksi lake. Alisema rangi ni nzuri. Siku hiyohiyo, mashine yetu ya sasa ikiwa imechoka, mapendekezo ya kununua mpya yalifika mezani kwangu. Yameandikwa arobaini. Watu wana haraka, machimbo mapya yamefunguka, na vijana wa sasa hawajui kobe ni nini. Nimeirudisha ile karatasi mara mbili, na mara zote mbili imerudi kwangu. Vedasto, nahodha wetu, kama unasoma haya, mashua ni ileile. Ni kumi. Sijui kama utasikilizwa, maana Mzee Elkana mwenyewe hakusikilizwa na alikuwa fundi.

Jumapili iliyopita baada ya ibada nilikwenda kwa Mama Nyangi. Nilimsalimia shikamoo, nikakaa, nikamwambia yote, kuanzia kwenye tepu. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Miaka yote hii nimekupakulia wewe, na yule nimemnyima." Nilianza kuomba msamaha, akanyoosha mkono akanionyesha njia ya kutoka, ile ya nyuma, isiyopita jikoni. Nilipofika barabarani alinifuata na sauti moja tu: "Wazee waambie wewe mwenyewe. Mimi sina mdomo wa kuwaambia."

Nimewaambia. Wazee wa ukoo wao wamesema mikono ya Elkana Okal haikuwa na kitu tangu siku ya kwanza, na hakuna jambo la kumaliza kwa upande wake. Langu watalisikiliza baada ya sherehe. Nilipomweleza Mzee Elkana kwamba nitaliandika hili kwenye ratiba, alikuwa anasafisha plagi ambayo haina mashine tena. Alisema, "Wacha, Simioni. Awino ameshakufa. Nani tena wa kusikia?" Nimeandika hata hivyo. Dada Irine naye alitaka nipunguze. Nimepunguza salamu za viongozi.

Kwa niaba ya wanachama wote tunamshukuru Mzee Elkana kwa miaka thelathini na mitano, na kwa maelfu waliovuka mikononi mwake wakafika na nguo kavu. Kwa niaba yangu peke yangu sina shukrani inayotosha, na msamaha sitamwomba hadharani, maana najua atanipa ili tu ninyamaze. Mzee wetu, nenda nyumbani Shirati kwa amani, uzee wako uwe mwepesi, magoti yako yasikusumbue, na wajukuu wakuamkie kila asubuhi wakijua wanamwamkia nani.

Baada ya maombi ni chakula. Mama Nyangi amepika tangu jana. Ameniletea ujumbe kupitia kwa Dada Irine kwamba kiti cha kwanza karibu na sufuria, nilichokuwa nikikaa mimi, kiachwe wazi, na kwamba atapakua yeye mwenyewe. Mimi nitakuwa nje, upande wa mtoni. Mzee Elkana, karibu mezani.

Simioni Waisiko
Karani, Ushirika wa Kivuko cha Getaracho